Mtakatifu Augustino na kaburi la mama lililo mbali na nyumbani

Kila mwaka, tarehe 27 Agosti, Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Monika, na kesho yake humkumbuka mwanae Augustino, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Tumezoea kusimulia machozi ya mama huyo aliyemwombea mwana mpotevu hata akaongoka. Mara chache tunasimulia siku ambayo ilikuwa zamu ya mwana kulia, naye hakujua kama imani yake inamruhusu.

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Baba yake, Patricius, alipokea imani mwishoni mwa maisha yake, akafariki Augustino akiwa kijana wa miaka kama 17. Katika kitabu chake cha Maungamo, kifo hicho kimetajwa kwa maneno machache tu, kama jambo linalopitwa njiani. Miaka michache baadaye alimpoteza rafiki wa ujana. Safari hiyo alilia mno, hata mji wa nyumbani ukawa haukaliki, akakimbilia Kartago. Wakati huo alifuata mafundisho ya Wamani, na baadaye alikiri kwamba mungu aliyemfikiria siku zile hakuwa na uwezo wa kuubeba moyo uliolemewa.

Alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi mjini Milano usiku wa Pasaka ya mwaka 387, pamoja na Adeodatus, mtoto wake wa kumzaa. Monika alikuwa ameyapata yote aliyoyaomba. Familia ikaanza safari ya kurudi Afrika, ikapumzika Ostia, bandari ya Roma, ikisubiri kuvuka bahari. Hapo Monika alishikwa na homa.

Kwa miaka mingi mama huyu alikuwa na hamu kubwa ya kuzikwa kando ya mumewe. Alikuwa ameliandaa kaburi lake huko Thagaste, na ndugu na majirani walilijua hilo. Kwa hiyo Navigius, mwana mwingine, alipomwona mama anazidiwa, alisema angetamani mama afie nyumbani na si ugenini. Monika alimtazama kwa macho ya kumkemea. Aliwaagiza wanawe wauzike mwili wake popote, wasihangaike nao, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Augustino alikuja kusikia pia kwamba, siku chache kabla ya ugonjwa, rafiki zake walikuwa wamemwuliza mama kama haogopi kuuacha mwili wake mbali namna hiyo na mji wake. Aliwajibu kwamba hakuna mahali palipo mbali na Mungu, wala hakuwa na hofu kwamba siku ya mwisho Mungu atashindwa kujua pa kumfufulia.

Nimekaa katika vikao vingi vya familia vilivyobishana usiku kucha juu ya mahali pa kumzika mzazi, hata ndugu wakaacha kusalimiana. Sijapata mfano wa kuwapa unaozidi huu wa mjane wa Kiafrika aliyeliacha kwa hiari kaburi aliloliandaa mwenyewe, kwa sababu aliuamini ufufuko wa mwili kama alivyousali katika Kanuni ya Imani.

Alifariki siku ya 9 ya ugonjwa, akiwa na umri wa miaka 56. Augustino alikuwa na miaka 33. Aliyafumba macho ya mama kwa mkono wake. Adeodatus akaangua kilio, na wakubwa wakamnyamazisha, kwa kuwa waliona si haki kumwombolezea mtu aliyekufa katika imani kana kwamba amepotea kabisa. Evodius akachukua Zaburi akaanza kuimba, na nyumba nzima ikamwitikia. Augustino alizungumza na waombolezaji kwa utulivu, akausindikiza mwili kaburini, akasimama wakati Sadaka Takatifu ikitolewa kwa ajili ya marehemu, bila kudondosha hata chozi. Alikuwa akipigana na nafsi yake, na aliona aibu kwamba majonzi yana nguvu kiasi hicho kwa mtu aliyetoka kubatizwa majuzi. Alikwenda hata kuoga, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba maji ya kuoga huondoa huzuni. Akatoka na huzuni ileile.

Usiku alilala. Alipoamka alikumbuka utenzi wa Ambrosi juu ya Mungu muumba, kisha akamkumbuka mama: upole wake na utumishi wake. Ndipo akayaachia machozi. Alilia kwa sehemu ndogo tu ya saa, kisha akaandika jambo hilo wazi ili kila msomaji alijue. Akawaomba wasomaji wawakumbuke altareni Monika na Patricius pia, baba yule aliyemtaja kwa haraka mwanzoni.

Akiwa Askofu wa Hippo alihubiri juu ya maneno ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike kuhusu waliolala mauti. Aliwafundisha waamini kwamba Mtume hakukataza kuhuzunika, alikataza huzuni isiyo na matumaini. Nadhani hakujifunza hilo vitabuni. Adeodatus naye alikuwa ameshafariki akiwa kijana, muda si mrefu baada ya kurudi Afrika.

Mnamo mwaka 421 hivi, Paulino, Askofu wa Nola, alimwuliza kama marehemu anafaidika kwa kuzikwa karibu na kaburi la shahidi. Augustino alimjibu kwamba kuuheshimu mwili ni wema na ni ishara ya imani katika ufufuko, lakini kinachowafaa marehemu ni Ekaristi, sala na sadaka kwa maskini. Alipofika kwenye suala la marehemu kuwatokea watu ndotoni, alimtaja mama yake. Kama wafu wangeweza kuja kwa hiari yao, alisema, mama aliyemfuata nchi kavu na baharini asingekosa kumjia hata usiku mmoja. Alikuwa mzee wa karibu miaka 67 alipoyaandika hayo.

Alifariki Hippo tarehe 28 Agosti 430, mji ukiwa umezingirwa na Wavandali. Mabaki ya Monika yalihamishiwa Roma mwaka 1430, na sasa yamo katika kanisa lenye jina la mwanae. Ya Augustino yanaheshimiwa Pavia, kaskazini mwa Italia. Hakuna kati yao aliyezikwa Thagaste, kando ya Patricius.