Baroni Nishi na Farasi Wake Uranus

Takeichi Nishi alizaliwa Tokyo tarehe 12 Julai 1902. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Japani, na mama yake hakuwa mke wa ndoa. Hata hivyo, baba alipofariki mwaka 1912, mtoto huyo ndiye aliyerithi mali na cheo cha baroni. Alisomea uaskari, akachagua jeshi la wapanda farasi.

Mwaka 1930, akiwa Italia, alimpata farasi mrefu na mkaidi ambaye wengine hawakuweza kumtawala. Jeshi halikumlipia. Nishi alimnunua kwa fedha zake mwenyewe. Farasi huyo aliitwa Uranus, na tangu hapo majina yao hayatajwi mbalimbali.

Miaka miwili baadaye wakaenda Los Angeles, kwenye Michezo ya Olimpiki ya 1932. Haikuwa safari nyepesi. Mwaka uliotangulia jeshi la Japani lilikuwa limeivamia Manchuria, na sheria ya Marekani ya 1924 ilikuwa imewafungia mlango wahamiaji wa Kijapani. Tarehe 14 Agosti, siku ya kufunga michezo, uwanja ulifurika watu waliokuja kutazama mashindano ya kuruka vizuizi kwa farasi. Katika mchezo huu, kila kosa, kama vile kuangusha kizuizi au farasi kugoma kuruka, huhesabiwa alama, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Vizuizi vya siku hiyo vilikuwa vigumu mno: kati ya wapanda farasi 11 walioanza, 5 tu walimaliza. Hakuna nchi iliyoweza kufikisha mwisho wapanda farasi watatu, kwa hiyo medali za timu hazikutolewa. Nishi alimaliza na alama 8, akimtangulia Mmarekani Harry Chamberlin aliyepata 12. Hadi leo hiyo ndiyo medali pekee ya dhahabu ambayo Japani imepata katika michezo ya farasi ya Olimpiki.

Los Angeles ilimpenda. Alikuwa kijana mtanashati, mpenda magari na karamu, akafanya urafiki na waigizaji wa Hollywood kama Douglas Fairbanks na Mary Pickford. Kwa Wajapani wa California, waliozoea kudharauliwa, ushindi wake ulikuwa heshima yao pia.

Mwaka 1936 alirudi Olimpiki, safari hii Berlin, lakini hakupata medali. Wakati huohuo farasi walikuwa wakipoteza nafasi jeshini, vifaru vya chuma vikichukua mahali pao. Nishi naye alihamishiwa huko, na mwaka 1944 alikuwa Luteni Kanali, mkuu wa kikosi cha 26 cha vifaru. Kikosi hicho kilitumwa kisiwa cha Iwo Jima. Mwezi Julai nyambizi ya Marekani ilizamisha meli yao, na vifaru 28 vikaenda chini ya bahari. Nishi alirudi Tokyo kutafuta vingine, na huko alimwona Uranus kwa mara ya mwisho.

Wamarekani walitua Iwo Jima tarehe 19 Februari 1945. Ardhi ya kisiwa haikufaa kwa mwendo wa vifaru, hivyo vilifukiwa nusu na kutumika kama mizinga. Nishi alifia huko mwezi Machi, akiwa na umri wa miaka 42. Uranus naye alikufa mwezi huohuo.

Inasemekana kwamba Wamarekani walimwita Baroni kwa vipaza sauti, wakimsihi ajisalimishe kwa kuwa dunia isingependa kumpoteza, naye akanyamaza. Hakuna uthibitisho wa jambo hilo. Sisi tunaosoma lugha tunajua kazi ya neno hilo la kwanza: msemaji hulitumia anaposimulia asichokishuhudia. Lakini hadithi hii imeenea pande zote mbili za bahari, nadhani kwa sababu inawapa watu kitu ambacho vita haikuwapa: kwamba kabla ya kumuua mtu waliyempigia makofi, walimtambua na kumwita kwa jina. Tusiihesabu kuwa historia. Historia inatosha: uwanja mmoja ulisimama kumshangilia, na miaka kumi na mitatu baadaye nchi ya uwanja huo ilikuwa adui yake.