Mama wa Karaikal na Embe la Mgeni

Wahindu wengi wa Kanda ya Ziwa asili yao ni Gujarat, na kwa hiyo majirani zetu wa Mwanza wamezoea kusikia habari za Navaratri na Diwali kuliko sherehe za Watamil wa kusini mwa India. Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema kusimulia maisha ya mama mmoja wa Kitamil ambaye sherehe yake ni sherehe ya maembe. Jina la Kitamil la tunda hilo, kwa kupitia kwa Wareno, ndilo lililozaa majina yake mengi ya Ulaya. Na huku kwetu hakuna mtoto asiyelijua embe, tangu Tabora, ambako miembe ya njia za misafara bado inasifika, hadi ufukweni mwa Ziwa Victoria.

Mama huyo aliitwa Punithavathi. Aliishi yapata karne ya 6 katika mji wa bandari wa Karaikal, pwani ya mashariki ya India ya kusini. Habari zake tunazipata katika mashairi yake mwenyewe, na katika Periya Puranam, kitabu alichokitunga Sekkizhar katika karne ya 12 kueleza maisha ya watakatifu 63 wa Bwana Shiva waitwao Nayanmar. Kati ya hao 63, wanawake ni 3 tu.

Baba yake, Danadattan, alikuwa mkuu wa wafanyabiashara wa Karaikal. Alipomwoza kwa Paramadattan, kijana wa ukoo wa matajiri wa Nagapattinam, hakukubali binti yake wa pekee ahamie ugenini, bali aliwajengea maarusi nyumba karibu naye na kumpa mkwewe mtaji wa kuanzia biashara. Tangu utotoni Punithavathi alikuwa amempenda Shiva, na kila mcha Mungu aliyebisha hodi alimlisha na kumvika.

Siku moja watu waliofika dukani walimzawadia Paramadattan maembe mawili, naye akayatuma nyumbani. Kabla hajarejea, mzee mmoja, mja wa Shiva, alifika mlangoni akiwa amedhoofika kwa njaa. Wali ulikuwa umeiva, lakini mboga zilikuwa bado. Kumpakulia mgeni wali peke yake ni aibu kwa mwanamke wa Kitamil, kama vile hapa kwetu mwenyeji angeona haya kumwandalia mgeni ugali mtupu bila kitoweo. Punithavathi alichukua embe moja kati ya yale mawili, akamwandalia mzee pamoja na wali. Mzee alikula, akashukuru, akaenda zake.

Adhuhuri mume alirudi, akaoga, akaketi kula. Mkewe alimpa embe lililobaki. Lilikuwa tamu mno, naye akaomba la pili. Hapo ndipo ulipoanza mtihani. Angaliweza kueleza mara moja kwamba amelipa tumbo la mwenye njaa, na pengine mume asingalikasirika. Sekkizhar anasema tu kwamba mama alitoka kama aendaye kulileta, akasimama pembeni akamkumbuka Mola wake, na papo hapo embe likatua kiganjani mwake. Alilipeleka. Paramadattan alipolionja alitambua kwamba tunda la namna ile halikupata kuwako sokoni, akauliza limetoka wapi.

Neema ya Mungu haitangazwi ovyo, lakini mke hapaswi kumdanganya mumewe. Punithavathi alichagua ukweli. Mume hakuamini, akamtaka, kama ndivyo, aombe jingine. Aliomba, embe likaja, akamkabidhi. Paramadattan alipolishika, lilitoweka mkononi mwake.

Tangu saa ile alimwogopa. Hakumpiga wala kumtukana. Aliendelea kuishi naye nyumba moja, ila hakumkaribia tena kama mume amkaribiavyo mkewe, na siri hiyo hakumwambia mtu. Kisha aliunda merikebu, akaipakia bidhaa na kuondoka kwa biashara ya ng'ambo. Watu wa pwani zetu, ambao kwa karne nyingi walizihesabu siku kwa kaskazi na kusi, wanaijua safari ya namna hiyo: mwanamume hutweka tanga, na mke hubaki akingojea pepo zigeuke. Zilipogeuka, Paramadattan hakurudi Karaikal. Alitia nanga katika mji mwingine wa nchi ya Wapandya, akaoa binti wa mfanyabiashara wa huko, akapata mtoto wa kike. Mtoto huyo alimpa jina Punithavathi.

Sekkizhar anamtetea mume huyu kwa upole. Mwandishi wa makala haya anaona vigumu kumfuata. Hofu ya mtu mbele ya jambo takatifu inaeleweka. Lakini mama aliitunza nyumba ile miaka yote bila salamu, akiamini kwamba mumewe yu safarini tu.

Habari zilipofika Karaikal, ndugu zake walimpandisha machelani, wakampeleka hadi nje ya mji wa mumewe, wakatua katika bustani na kutuma ujumbe. Paramadattan alitoka pamoja na mke wa pili na mtoto, na mbele ya wote akaanguka miguuni pa Punithavathi. Mama alishtuka, akarudi nyuma kwa jamaa zake. Walipomuuliza mume kwa nini anamsujudia mkewe, alijibu kwamba huyu si binadamu wa kawaida, na kwamba ndiyo sababu amempa mwanawe jina lake. Akawasihi nao wamsujudie.

Mtu mwingine angaliona ameheshimiwa. Punithavathi alisikia kwamba si mke tena. Uzuri wa mwili alikuwa ameutunza kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuutaka. Alimwomba Shiva auondoe mzigo huo wa nyama na kumpa umbo la vizuka wanaomzunguka Bwana anapocheza ngoma. Akawa mifupa mitupu, matiti yamenyauka, macho yamezama. Ndugu zake walimsujudia kwa hofu, wakaondoka.

Hapo ndipo ushairi wake unapoanza. Utenzi wake mkubwa, Arputha Thiruvanthathi, una beti 101, na kila ubeti huanza kwa neno lililofunga ubeti uliotangulia. Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wataitambua mara moja bahari ya pindu, au mkufu kama wengine waiitavyo. Ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kumwimbia Shiva kwa Kitamil. Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika mashairi hayo hamtaji mume, wala embe. Anajiita kizuka wa Karaikal, basi.

Kisha alisafiri kaskazini kuelekea mlima Kailasa. Watu aliokutana nao njiani walimkimbia, naye hakujali. Alipofika mlimani aliona si adabu kuukanyaga kwa miguu, akaupanda kwa kichwa. Mungu mke Uma aliuliza ni nani yule mwenye mifupa anayekuja. Shiva, asiye na baba wala mama, alijibu kwamba huyu ni mama anayemlea yeye, na alipofika karibu akamwita Mama, Ammai kwa Kitamil. Kutoka hapo likaja jina analojulikana kwalo hadi leo, Karaikkal Ammaiyar. Aliruhusiwa kuomba. Aliomba upendo usiokwisha. Asizaliwe tena, na akizaliwa asimsahau. Na Bwana achezapo, yeye awe chini ya nyayo zake akiimba. Aliagizwa aende Tiruvalangadu, akaenda, vilevile kwa kichwa.

Karaikal, uliokuwa chini ya Ufaransa hadi 1954, leo ni sehemu ya eneo la muungano la Puducherry. Kila mwaka katika mwezi wa Kitamil wa Aani, kati ya Juni na Julai, mji huo huigiza maisha ya mama huyu kuanzia harusi yake. Sanamu ya Shiva katika umbo la ombaomba hutembezwa mitaani, na watu hurusha maembe kutoka mapaani, umati ukiyadaka. Wanaotamani mtoto hulila embe walilolidaka kwa imani kubwa. Kwa wazee wetu ambao, baada ya kuwakabidhi watoto maduka, hutumia miaka ya kustaafu kuzuru mahekalu ya India, sherehe hiyo inafikika: Karaikal ni takriban kilomita 300 kusini ya Chennai. Juni huku kwetu msimu wa maembe umekwisha pita, kwa hiyo msafiri atayala mara mbili kwa mwaka.

Tiruvalangadu nako ni karibu, kama kilomita 60 magharibi ya Chennai. Inasimuliwa kwamba Sambandar, mshairi mtakatifu aliyekuja baadaye, alisita kukanyaga ardhi ya mji huo kwa sababu mama aliipita kwa kichwa. Umbo lake limechongwa hata Banteay Srei, Kambodia, katika hekalu la karne ya 10: kikongwe aliyekonda, kando ya Shiva anayecheza. Na katika mahekalu ya Kitamil, ambamo sanamu za Nayanmar 63 hupangwa safu moja, wote husimama na kukunja mikono. Yeye peke yake ameketi, matoazi mkononi.