Bunduki za Bwana Mkubwa: Maisha ya Theodore Roosevelt na Safari Yake ya Naivasha

Utangulizi

Anayesimama katika nyanda za Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha, huona safu za Mau nyuma yake, Mlima Eburru upande wa kaskazini, na mbele yake maji ambamo viboko wangali wanaishi hadi leo. Mnamo Julai mwaka wa 1909, katika ziwa hilo hilo, aliketi ndani ya mashua ya makasia mtu mnene, mwenye masharubu na miwani, akiwa na bunduki mkononi. Miezi minne tu kabla ya hapo alikuwa Rais wa Marekani. Jina lake ni Theodore Roosevelt.

Roosevelt amezungumziwa sana kama mwanasiasa, mwanajeshi na mhifadhi wa misitu. Makala haya yanamtazama kwa jicho tofauti, yaani kupitia bunduki alizozimiliki. Sababu ni mbili. Kwanza, bunduki ziliandamana naye tangu utotoni hadi kaburini. Pili, zilipofika katika nchi yetu, bunduki hizo hazikutembea zenyewe. Zilibebwa na watu waliozungumza Kiswahili, na bila watu hao zisingefaa kitu. Hata hivyo, historia imezihifadhi bunduki kwa uangalifu mkubwa kuliko ilivyowahifadhi wabebaji wake. Pengo hilo ndilo linalotushughulisha hapa.

Utoto na Bunduki ya Kwanza

Roosevelt alizaliwa jijini New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika familia yenye mali. Alikuwa mtoto dhaifu aliyesumbuliwa na pumu, na aghalabu alishinda ndani akisoma vitabu kuhusu wanyama. Akiwa bado mdogo, alianzisha chumbani mwake kile alichokiita jumba la makumbusho, akakusanya humo mafuvu, viota na ngozi za ndege.

Alipokaribia umri wa miaka kumi na minne, baba yake alimpa bunduki ya marisaa yenye mitutu miwili, iliyotengenezwa Ufaransa kwa mtindo wa Lefaucheux. Kijana huyo alishangaa kuona wenzake wakilenga vitu ambavyo yeye hakuviona kabisa. Hapo ndipo ilipobainika kwamba macho yake yalikuwa mabovu, akapewa miwani. Katika majira ya baridi ya 1872 na 1873, familia yake ilipokuwa ikisafiri kwa jahazi katika Mto Nile, aliitumia bunduki hiyo kuwaua ndege na kuwachuna ngozi kwa ajili ya mkusanyiko wake. Kwa hiyo, Afrika ilikuwa shule yake ya awali ya shabaha. Aidha, tangu mwanzo, bunduki na jumba la makumbusho vilikuwa pacha katika fikra zake. Kuua na kuhifadhi havikuwa vitendo viwili vinavyopingana machoni mwake.

Utu Uzima: Ranchi, Vita na Ikulu

Tarehe 14 Februari 1884, Roosevelt alifiwa na mama yake na mke wake siku moja, katika nyumba moja. Kwa majonzi alikimbilia Dakota, akafuga ng'ombe na kuwinda. Huko alitumia bunduki za Winchester, ambazo mwindaji huweza kuzifyatua mara nyingi mfululizo kwa kuvuta na kurudisha mkono wa chuma ulio chini ya mtambo. Mwaka wa 1887 alishiriki kuunda chama cha wawindaji cha Boone and Crockett, kilichotetea uhifadhi wa wanyama wakubwa waliokuwa wakitoweka Marekani kwa sababu ya bunduki hizo hizo.

Mwaka wa 1898, katika vita dhidi ya Uhispania nchini Kuba, alibeba bastola aina ya Colt iliyookolewa kutoka meli ya kivita ya Maine, iliyolipuka katika bandari ya Havana mwezi wa Februari mwaka huo. Vita vya tarehe 1 Julai katika vilima vya San Juan vilimpa umaarufu uliomfikisha Ikulu mnamo Septemba 1901, Rais McKinley alipofariki baada ya kupigwa risasi.

Akiwa Rais, hakuacha kushughulika na silaha. Mwezi wa Januari 1905 aliandika barua kulalamikia singe ya bunduki mpya ya jeshi, Springfield ya mwaka 1903. Singe hiyo ilikuwa ufito mwembamba uliochomolewa chini ya mtutu, naye aliona kwamba ungevunjika kwa pigo la kwanza. Malalamiko yake yalisikizwa, na jeshi likaunda singe nyingine yenye umbo la kisu. Katika kipindi hicho hicho cha urais alipigwa ngumi katika mazoezi ya ndondi, na hatimaye jicho lake la kushoto likapoteza nuru. Hivyo basi, mtu aliyekuja kuwinda simba katika nchi yetu alikuwa na jicho moja lililoona, nalo likihitaji miwani.

Bunduki Zilizofika Mombasa

Roosevelt aliwasili Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na wanasayansi watatu wa Taasisi ya Smithsonian: Mearns, Heller na Loring. Silaha zake kuu zilikuwa za aina nne, na kila moja ilikuwa na kazi yake.

Ya kwanza ilikuwa Springfield, bunduki nyepesi yenye risasi ndogo iendayo kasi mno, isiyozidi gramu kumi kwa uzito. Hii ilifaa swara na wanyama wa mbali. Ya pili ilikuwa Winchester yenye kipenyo cha inchi 0.405, ambayo aliipenda hasa kwa simba. Ya tatu ilikuwa bunduki nzito ya mitutu miwili ya kampuni ya Holland & Holland ya London, aliyozawadiwa na Waingereza zaidi ya hamsini waliochangishana fedha. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu thelathini na moja hivi, na ilikusudiwa ndovu, kifaru na nyati. Ya nne ilikuwa bunduki ya marisaa ya kampuni ya Fox, nayo ikiwa zawadi.

Ubora wa bunduki ya mitutu miwili ni kwamba humpa mwindaji risasi mbili za haraka bila kugusa mtambo wowote ila kifyatuo. Udhaifu wake ni kwamba baada ya hizo mbili, huwa gogo tu mpaka ifunguliwe, maganda yatolewe na risasi nyingine zitiwe. Roosevelt alilifahamu jambo hili barabara katika misitu ya Mlima Kenya mnamo Agosti 1909. Alikuwa amemwangusha ndovu dume kwa mtutu wa pili, na mara ndovu mwingine akatokea vichakani, karibu sana, kabla hajaweza kutia risasi. Mwenzake, Cunninghame, ndiye aliyefyatua, na ndovu huyo akageuka.

Waliobeba Bunduki

Msafara ulikuwa na wapagazi wapatao mia mbili, mbali na askari, wapishi na wachunga farasi. Walibeba mahema, chakula, vitabu, na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Miongoni mwa watu hao, wabeba bunduki walikuwa na hadhi ya pekee. Roosevelt alikuwa na Muhamed na Bakari. Kermit alikuwa na Juma Yohari na Kassitura, huyu wa mwisho akiwa Msoga.

Kazi ya mbeba bunduki haikuwa kubeba tu. Alitembea hatua chache nyuma ya mwindaji akiwa na silaha nzito, huku akisoma nyayo na upepo. Alipaswa kutambua upesi ni bunduki ipi inayohitajika na kuitoa kitako kikitangulia, bila kuomba maelezo. Mnyama alipogeuka na kushambulia, yeye, ambaye hakutakiwa kufyatua, alipaswa kusimama imara. Jioni, wengine walipoota moto, alisafisha mitutu na kuipaka mafuta. Kwa mwindaji mwenye jicho moja, jozi ya pili ya macho haikuwa anasa. Ilikuwa nusu ya shabaha yenyewe.

Lugha ya kazi hiyo ilikuwa Kiswahili. Wapagazi walitoka katika makabila mengi, na amri za safari zilipitia lugha hiyo moja. Walimwita Roosevelt Bwana Mkubwa. Kermit aliitwa Bwana Mdogo, na baadaye Bwana Maridadi. Kwa mwanaisimu, tahajia ya Roosevelt inavutia: aliandika Makuba badala ya Mkubwa, na Merodadi badala ya Maridadi. Mzungumzaji wa Kiingereza alishindwa na nazali inayobeba silabi peke yake, akaichomekea irabu. Kitabu chake cha safari hiyo, African Game Trails, kilichochapishwa mwaka wa 1910, kilisaidia kulieneza neno safari miongoni mwa Wamarekani.

Naivasha na Nchi Iliyohamishwa

Baada ya kuwinda pande za Sotik, msafara ulifika Naivasha mwezi wa Julai. Huko Roosevelt alitaka viboko kwa ajili ya makumbusho. Akiwa ndani ya mashua, kiboko alimjia akiwa amepanua kinywa, naye akafyatua risasi mfululizo. Kiboko aliyepigwa huzama, na huchukua saa kadhaa kabla ya mwili kuelea. Kwa hiyo, mpiga risasi hakuweza kujua mara moja ameua wangapi. Kungoja huko kulimtia wasiwasi Roosevelt, kwa kuwa hakutaka aonekane kuwa ameua kupita haja.

Lakini kuna jambo ambalo msafiri huyo alilipita upesi. Nchi ya Naivasha aliyoikuta ikiwa na wanyama wengi na watu wachache haikuwa hivyo tangu azali. Kwa mapatano ya mwaka wa 1904, miaka mitano tu kabla ya kufika kwake, Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa kupelekwa Laikipia na katika hifadhi ya kusini, ili ardhi ipewe walowezi. Mwaka wa 1911 wale wa Laikipia walihamishwa tena. Nyanda za Ndabibi zilikuja kuwa ranchi ya mlowezi. Uwanja wa uwindaji ulikuwa umeandaliwa kwa kalamu kabla ya bunduki kufika.

Mwishoni mwa mwaka huo, katika nyanda za Uasin Gishu, Roosevelt aliketi juu ya farasi akitazama wapiganaji wa Kinandi wakimzingira simba na kumuua kwa mikuki. Hakuna bunduki iliyolia. Aliyeshambuliwa na simba alijeruhiwa, nao wenzake wakammaliza mnyama huyo kwa sekunde chache. Mtu aliyeringia shabaha yake aliuona ujasiri usiohitaji baruti, na alikiri kwamba lilikuwa tukio tukufu.

Safari ilimalizika Khartoum mwezi wa Machi 1910. Roosevelt na Kermit walikuwa wameua wanyama wakubwa 512, yeye 296 na mwanawe 216. Jumla ya vielelezo vilivyopelekwa Smithsonian, kuanzia ndovu hadi panya, ilizidi 11,000.

Risasi ya Milwaukee

Tarehe 14 Oktoba 1912, Roosevelt alipokuwa akigombea urais tena mjini Milwaukee, mtu aitwaye John Schrank alimpiga risasi kifuani kwa bastola. Risasi ilipenya kasha la chuma la miwani na hotuba yenye kurasa hamsini zilizokunjwa, ikapungua nguvu. Alihutubia kwa zaidi ya saa moja huku damu ikitoka. Madaktari waliamua kutoitoa risasi hiyo, naye akaishi nayo. Miwani, ishara ya udhaifu wa macho yake tangu utotoni, ilichangia kumwokoa.

Mwezi wa Julai 1918, mwanawe mdogo, Quentin, aliuawa angani nchini Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baba hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki tarehe 6 Januari 1919 nyumbani kwake Sagamore Hill, nyumba ambayo ghorofa yake ya juu ina chumba cha bunduki.

Hitimisho

Bunduki za Roosevelt zimekuwa na maisha marefu kuliko mwenyewe. Ile ya Holland & Holland, ambayo nambari yake ya kiwandani inajulikana, imewahi kuwekwa katika jumba la makumbusho jijini Louisville. Ile ya Fox iliuzwa mnadani mwaka wa 2010 kwa dola 862,500. Bastola ya Kuba iliibwa Sagamore Hill mwaka wa 1990, ikatafutwa na wapelelezi wa serikali, ikapatikana mwaka wa 2006. Hapa Kenya, uwindaji wa aina yake ulipigwa marufuku mwaka wa 1977.

Muhamed na Bakari hawana nambari. Majina yao, yaliyoandikwa bila ubini na kwa tahajia ya mgeni, yamebaki katika kurasa za kitabu cha mtu waliyemlinda. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu hapa. Tumezoea kukusanya tenzi na methali, na ni vyema. Lakini msamiati wa kambi, majina ya utani ya msafara na masimulizi ya wajukuu wa wapagazi wa Bonde la Ufa na pwani ni sehemu ya fasihi simulizi vilevile. Iwapo bastola moja iliyoibwa iliweza kutafutwa kwa miaka kumi na sita, majina kamili ya waliobeba bunduki yanastahili angalau muhula mmoja wa utafiti.