Isabella Beeton: Mwandishi wa mapishi aliyefariki kijana, jina likabaki jikoni

Kwa zaidi ya miaka 150, Waingereza wamelitaja jina la Bibi Beeton wanapozungumzia chakula cha nyumbani. Wengi walimdhania mama mtu mzima aliyezeekea jikoni. Ukweli ni kwamba alifariki akiwa na miaka 28. Katika makala haya tunayaangazia maisha yake, na sufuria moja ya supu inayotueleza alikuwa mtu wa namna gani.

Alizaliwa wapi na kukulia katika mazingira gani?

Isabella Mayson alizaliwa London mwezi Machi mwaka 1836. Baba yake, mfanyabiashara wa vitambaa, alifariki Isabella akiwa bado mtoto mdogo. Mama yake aliolewa tena mwaka 1843 na Henry Dorling, msimamizi wa uwanja wa mbio za farasi wa Epsom, ambaye naye alikuwa mjane. Kila mmoja alikuja na watoto wanne, kisha wakazaa wengine 13. Isabella, msichana mkubwa kuliko wote, akawa mlezi wa wadogo zake. Kabla ya kuandika neno lolote kuhusu nyumba, alikwishajua kulisha watoto wengi kwa wakati mmoja.

Baadaye alipelekwa shule mjini Heidelberg, Ujerumani, ambako alijifunza lugha, piano na kuoka vitafunio.

Aliingiaje katika uandishi wa mapishi?

Mwezi Julai mwaka 1856 aliolewa na Samuel Beeton, mchapishaji wa vitabu na majarida. Mtoto wao wa kwanza alifariki mwaka 1857 akiwa na miezi michache tu. Mwaka huohuo Isabella alianza kuandika kwenye jarida la mumewe la wanawake. Hakuwa mpishi hodari: katika mojawapo ya mapishi yake ya mwanzo, ya keki, alisahau kutaja mayai.

Alichokuwa nacho ni uwezo wa kupanga mambo. Alikusanya mapishi kutoka kwa wasomaji na kutoka vitabu vya zamani. Yalianza kutoka kwa sehemu za kila mwezi mwaka 1859, na mwaka 1861 yakawa kitabu kimoja kikubwa chenye kurasa zaidi ya 1,000, The Book of Household Management, yaani kitabu cha uendeshaji wa nyumba. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 60,000.

Kitabu hicho kilikuwa na nini kipya?

Kila pishi lilianza na orodha ya mahitaji na vipimo vyake, kisha maelekezo, muda wa kupika, gharama, idadi ya walaji na msimu unaofaa. Mwanamke kijana aliyehamia mjini, mbali na mama na bibi yake, aliweza kujua kabla ya kwenda sokoni kama fedha zake zitatosha.

Tuchukue mfano wa supu ya njegere kavu zilizopasuliwa, chakula cha Waingereza wakati wa baridi. Njegere hizo zilikuwa rahisi kwa bei na zilihifadhika miezi mingi. Bibi Beeton aliweka pishi la wenye uwezo, lenye nyama ya ng'ombe na kipande cha nyama ya nguruwe ya chumvi, na alielekeza njegere zilowekwe usiku kucha. Kisha akaweka pishi la gharama nafuu: njegere robo tatu ya ratili, yaani kama gramu 340, pamoja na vitunguu, karoti, figili-majani na mnanaa, katika maji ya lita nne na nusu hivi. Badala ya maji, alisema, mpishi anaweza kutumia mchuzi uliobaki baada ya kuchemsha nyama. Katika nyumba nyingi mchuzi huo ulitokana na paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, ndiyo maana njegere na nyama hiyo havikutengana.

Aliandika pia kuhusu njegere zinazofungwa kwenye kitambaa, zikachemshwa, zikapondwa kwa siagi na mayai, kisha zikafungwa na kuchemshwa tena, ziliwe na mguu wa nguruwe.

Kwa nini analaumiwa?

Sehemu kubwa ya mapishi hayakuwa yake. Mengi yalitoka kwa waandishi waliomtangulia, akiwemo Eliza Acton, ambaye kitabu chake cha mwaka 1845 tayari kilikuwa kinatenga orodha ya mahitaji na maelekezo. Acton hakupewa heshima aliyostahili, na lawama hiyo ni ya haki.

Lakini lipo pishi moja linalojulikana kuwa la Isabella mwenyewe: supu ya kuwagawia maskini. Katika baridi ya mwaka 1858, nyumbani kwake Hatch End karibu na London, aliipika kila wiki kwa nyama ya shavu la ng'ombe, mifupa, mboga na mchele, akazigawia familia kadhaa za jirani. Tunaona hapo kwamba hesabu zake za gharama hazikuwa za kitabuni tu.

Alifariki vipi?

Mwishoni mwa mwaka 1862 alimpoteza mtoto wa pili. Mwezi Januari mwaka 1865 alijifungua mtoto wa nne, akapatwa na homa ya uzazi, na tarehe 6 Februari akaaga dunia. Alizikwa West Norwood, London.

Mwaka uliofuata Samuel, akiwa ameelemewa na madeni, aliuza haki za vitabu vyake. Wachapishaji wapya waliendelea kutoa matoleo kwa jina la Bibi Beeton bila kutangaza kifo chake, wakiongeza na kubadilisha walivyotaka. Hivyo msomaji aliyepata mafanikio jikoni alimshukuru mwanamke aliyekwishazikwa, na aliyeshindwa alimlaumu kwa maneno ambayo pengine hakuyaandika.

Mwaka 1932 picha yake ilikabidhiwa jumba la taifa la picha mjini London. Waliokwenda kuitazama wakitarajia kikongwe walikuta sura ya msichana.