Nchi ya Angani ya Shaaban Robert

Kila kijana wa Kitengela au Kajiado anayetamani kutunga riwaya za maajabu, mimi humwelekeza kwanza Tanga, kwa marehemu Shaaban Robert.

Alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha. Mchana aliitumikia serikali ya Mwingereza. Saa zake mwenyewe alizipa kalamu.

Mwaka 1951 ilichapishwa riwaya yake Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani. Humo Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Akijitetea, anasimulia juu ya wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Walirudi na maarifa, malipo yao yakawa kifungo. Mwishowe Karama anashinda, nao wanafunguliwa.

Naamini nchi ile haikupandishwa angani kwa mchezo. Karani anayekula mshahara wa mkoloni angeandikaje waziwazi kuwa raia ananyimwa haki? Lakini Kusadikika haimo katika ramani. Basi nani angemshitaki? Nasi watu wa pwani, tuliolelewa na Alfu Lela Ulela, tulifahamu upesi.

Alifariki Juni 1962, Tanganyika ikiwa na miezi sita tu ya uhuru. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kijana anayemfuata asianze na mabawa na majini. Aanze na lile asiloweza kulisema kwa sauti.