Freddie Mercury: Mwana wa Unguja na albamu iliyopuuzwa

ALBAMU ya kwanza ya bendi ya Queen ilipotolewa nchini Uingereza mnamo Julai 13, 1973, redio ziliipa kisogo na wanunuzi wakawa haba. Wimbo ulioitangulia, Keep Yourself Alive, haukuambulia nafasi yoyote katika orodha ya nyimbo zilizovuma.

Mwimbaji wake alijiita Freddie Mercury. Wazazi wake, Waparsi kutoka India, walikuwa wamempa jina Farrokh Bulsara alipozaliwa Unguja mnamo Septemba 5, 1946. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, ambako alijifunza piano. Alirejea Unguja 1963, ila hakukaa sana. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliifanya familia hiyo ikimbilie Feltham, pembeni mwa London.

Queen iliundwa 1970, pamoja na Brian May na Roger Taylor. John Deacon alijiunga nao mwaka uliofuata. Fedha za kukodi studio hawakuwa nazo. Wenye studio ya Trident waliwaruhusu kurekodi saa ambazo wateja wa kulipa hawakuwapo, aghalabu usiku wa manane. Hata kazi ilipokamilika, ilichukua miezi mingi kabla ya kampuni ya EMI kukubali kuitoa.

Na ilikuwa kazi ya ajabu. Magitaa yalirundikwa tabaka juu ya tabaka, sauti zikiitikiana mithili ya kwaya, hata wanabendi wakaona heri waandike jaladani kwamba hakuna aliyepiga sinthesaiza. Jina Mercury lenyewe limo katika wimbo My Fairy King, na May alieleza baadaye kuwa ndiko mwenzake alikolitoa.

Seven Seas of Rhye, kipande kifupi tu cha kufungia albamu hiyo, kilirefushwa na kuwapa umaarufu 1974. Hapo ndipo wasikilizaji walipoirudia albamu iliyopuuzwa, ikapanda hadi nambari 24. Ule mtindo wa kurundika sauti ndio uliozaa Bohemian Rhapsody mwaka wa 1975.

Mercury alifariki kwa maradhi yaliyotokana na Ukimwi mnamo Novemba 24, 1991, akiwa na umri wa miaka 45, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu hali yake. Kwao Unguja, sherehe iliyopangwa 2006 kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa na kundi la Uamsho, ikafutwa. Albamu yenyewe ilitolewa upya Oktoba 2024, mlio wa ngoma ukiwa umerekebishwa. Bendi haikuwa imeridhika nao tangu siku za Trident.