Charles Steinmetz, Injinia wa Umeme

Ndugu wanafunzi, na ninyi wakubwa wetu mliokwisha kutoka shuleni, kila jioni hapa Gisenyi tunawasha taa na kuchaji simu zetu, wala hatuwazi umeme huo umefanyiwa kazi gani kabla ya kutufikia. Mto wetu Sebeya ulianza kuzungusha mitambo ya umeme mwaka 1957. Umeme wake huenda na kurudi upesi sana, lakini simu hutaka umeme uendao upande mmoja tu. Basi ile chaja ndogo ndiyo inayougeuza. Kati ya watu wa kwanza walioufahamu sana umeme wa kwenda na kurudi kwa njia ya hesabu alikuwa Charles Steinmetz. Nataka kuwasimulia maisha yake, na hasa jinsi alivyopata kazi.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1865 katika mji wa Breslau, uliokuwa wa Wajerumani, na ambao siku hizi huitwa Wrocław, nchini Polandi. Alikuwa mfupi sana, tena mwenye kibiongo, kama baba yake na babu yake. Katika hesabu alikuwa hodari mno. Lakini alijiunga na Wasoshalisti, ambao serikali ya Bismarck iliwabana kwa sheria, na mwaka 1888, alipokaribia kumaliza masomo yake ya juu, ilimbidi akimbilie Zurich, Uswisi. Mwaka uliofuata akapanda meli pamoja na rafiki yake kwenda Marekani.

Walipofika bandari ya New York, maofisa walimtazama. Hakuwa na fedha, Kiingereza hakukijua vema, na mwili wake ulikuwa na kilema. Wakataka kumrudisha alikotoka. Rafiki yake, Asmussen, akamdhamini, ndipo wakamwacha apite.

Alipata kazi mjini Yonkers kwa Rudolf Eickemeyer, mwenye kiwanda, ambaye yeye pia alitoka Ujerumani. Kwanza alichora ramani za mashine tu. Siku zile chuma kilichomo ndani ya mota na transfoma kilipata moto na kupoteza nguvu nyingi, na mara nyingi mafundi waliijua hasara hiyo baada ya mashine kwisha kuundwa. Steinmetz alipima chuma cha namna mbalimbali, hata akapata kanuni ya kuihesabu hasara kabla ya kuunda kitu. Mwaka 1892 aliwaeleza mainjinia wa Marekani kanuni hiyo, naye alikuwa na umri wa miaka 26.

Mwaka huohuo kampuni ya General Electric iliundwa, nayo ilihitaji watu wa namna hii. Ilimtuma mkubwa wake mmoja, Bwana Rice, kwenda Yonkers. Huko alimkuta mtu mdogo mwenye kichwa kikubwa, ameketi juu ya meza, miguu ameikunja, anavuta sigara. Walizungumza kidogo tu, na Rice akatambua kwamba huyu ni mtu wa ajabu. Kampuni ikainunua biashara ya Eickemeyer pamoja na haki za uvumbuzi wake, na mwaka 1893 Steinmetz akaingia katika kazi yake.

Mwaka 1894 alihamia Schenectady, akakaa huko mpaka mwisho wa maisha yake. Aliwafundisha mainjinia njia nyepesi ya kuhesabu umeme wa kwenda na kurudi, ambayo hutumika hata leo. Alishughulikia chombo chenye zebaki kilichogeuza umeme huo kuwa wa upande mmoja kwa ajili ya taa za barabarani. Mwaka 1922 alitengeneza radi ndani ya nyumba, ili kujifunza kuilinda mitambo. Pia alifundisha katika Union College, akaongoza halmashauri ya shule za mji. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1923.

Wakubwa wetu, wengine wenu leo mna karakana na ofisi, na sisi tulio darasa la mwisho tutakuja kubisha hodi karibuni. Wale wa bandarini waliutazama mwili na mfuko, wakaona mzigo. Rice aliuliza habari za kazi, akaona hazina. Basi akija kwenu kijana mwenye gongo, au asiyesema vizuri lugha ya ofisi, mpeni kwanza meza, karatasi, na kazi moja ya kujaribu. Kisha amueni.